Tembe ya babu: ni urithi au ni udongo na miti tu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Dodoma mjini, kwetu ni kijijini upande wa Mpwapwa. Babu alituachia tembe, yaani nyumba ya jadi ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, kubwa ya pande tatu, zizi likiwa katikati. Wazee wanasema ilijengwa kabla ya Operesheni, ile ya kuhamishia watu vijijini. Upande wa magharibi paa limebonyea na chumba kimoja kilianguka msimu wa mvua uliopita. Pande mbili bado zimesimama na shangazi analala humo. Baba wadogo wanataka tuibomoe tujenge nyumba ya tofali na bati, na amejitokeza mtu anayetaka kununua nguzo na mlango. Baba mdogo mmoja ananiambia, "Huo ni udongo na miti tu, urithi gani?" Je, nyumba kama hii ina thamani ya urithi kweli? Na kama inayo, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mfikishie shangazi mbukwenyi yangu, salamu ya Kigogo. Yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote katika jambo hili, na nitaeleza kwa nini.

Ndiyo, ina thamani, tena kubwa. Baba yako mdogo hajakosea kuhusu udongo na miti. Tembe ni udongo, miti na kamba za magome, na karibu vyote vilipatikana umbali wa kutembea kwa miguu. Thamani iko kwenye maarifa yaliyoviunganisha: mti upi usimame wapi, udongo upi upande juu, maji yaelekee wapi. Mafundi wa Ugogo, nchi ya Wagogo, walirithishana hayo kwa kufanya kazi pamoja, hawakuacha michoro wala vitabu. Nyumba iliyosimama ndiyo ushahidi wenyewe. Ikibomolewa, na mzee wa mwisho aliyeijenga akiwa ameshazikwa, hakuna pa kwenda kuuliza.

Ingia ndani mchana, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu. Utaona nguzo zilizochimbiwa chini, kila moja imeacha panda yake kichwani. Kwenye panda hizo zimelala boriti. Juu ya boriti kuna miti myembamba iliyopangwa karibu karibu, juu yake fito na majani, na juu kabisa udongo ulioshindiliwa. Sasa tazama kuta. Ni vijiti vilivyosimamishwa, vikafungwa fito kwa kulala, vikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kwa sehemu kubwa kuta hizo hazibebi paa. Paa linabebwa na nguzo. Kwa hiyo ukuta unaweza kumomonyoka, ukang'olewa na kukandikwa upya, na paa likabaki juu. Watu wengi wanaona ukuta uliochakaa wanasema nyumba imekufa, kumbe uhai wa tembe uko kwenye nguzo na paa.

Mfumo huu unalingana na mvua ya hapa. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi ya ukame na upepo. Paa bapa la udongo lingeoza upesi Bukoba au Rungwe. Ugogo linavumilia, na wakati wa kiangazi linakuwa uwanja wa kuanikia mtama, uwele, karanga na majani ya mlenda, mbali na mbuzi. Udongo mzito juu ya kichwa unazuia jua la saa nane mchana lisipenye, na usiku wa Juni na Julai unatunza joto la ndani. Anayelala chini ya bati tupu hapa kwetu anaijua tofauti hiyo vizuri.

Kuna na ulinzi. Karne ya 19 Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe, karibu na Tabora, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wote wakakuta matembe. Hizo zilikuwa pia zama za uvamizi wa ng'ombe kutoka kwa Wamasai na Wahehe. Nyumba fupi yenye paa la udongo haishiki moto kama ya nyasi, na ng'ombe waliofungiwa ua wa katikati hawachukuliwi bila mvamizi kupita mbele ya milango ya watu. Mlango wa kuinama una maana yake.

Sifa hizi zinaihusu tembe yoyote. Ya kwenu ina jambo lake peke yake, nalo liko kwenye mpangilio wa vyumba. Katika kaya ya Kigogo kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya tembe moja, mlango wake, moto wake na vilindo vyake vya nafaka. Ukoo ulipoongezeka, tembe iliongezwa ubavuni. Kwa hiyo pande tatu za tembe yenu ni historia ya familia: nani aliolewa lini, nani alijengewa wapi, nani alihama. Mwombe shangazi apite nawe chumba kwa chumba akuambie kilikuwa cha nani na kilijengwa kabla au baada ya kipi. Andika. Hakuna mtaalamu yeyote, nami nikiwemo, anayeweza kulisoma hilo kwenye ukuta bila yeye.

Kuhusu umri, wazee wenu wana sababu ya kuhesabu kwa Operesheni. Operesheni Dodoma ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchi nzima kuanzia 1973. Watu walihamishwa kutoka kaya zilizotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa, na pamoja na hilo ikahimizwa nyumba bora ya tofali. Tembe ikawekwa kundi moja na mambo ya kizamani yanayopaswa kuachwa. Shule na visima vilivyokuja na vijiji ni vitu watu walivihitaji, sitaki kuvidharau. Lakini fundisho kwamba nyumba ya babu ni aibu liliingia ndani sana, na nalisikia mpaka leo katika maneno ya baba yako mdogo. Linaniuma. Matembe mengi yaliachwa nyakati hizo, na nyumba ya udongo isiyokaliwa haidumu. Yenu imebaki kwa sababu kuna mtu aliendelea kuishi ndani yake.

Mnaweza kuupunguza utata wa umri bila maabara. Kipimo cha kaboni hakisaidii sana hapa, kwa kuwa hakitofautishi vizuri mbao za kati ya mwaka 1650 na 1950. Tumieni macho na kumbukumbu. Boriti zilizokatwa kwa shoka na kulainishwa kwa tezo, zikafungwa kwa kamba za magome, zinaonyesha ufundi wa zamani. Misumari ya kiwandani, waya na mbao za msumeno ni za baadaye, baada ya reli kufika Dodoma mwaka 1910 na maduka kusambaa. Ukikuta waya kwenye upande mmoja tu, huenda upande huo uliongezwa au ulikarabatiwa baadaye. Kisha waulizeni wazee kwa matukio, wala si kwa tarakimu: je, ilikuwepo wakati wa njaa ya Mtunya, ile ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza? Ilikuwepo Wazungu walipokuwa wanalima karanga Kongwa, kati ya 1947 na 1951? Majibu mawili yakibana pande zote, mna umri wa kutosha.

Umri huo una maana gani kisheria? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Inalinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Jengo lisiloangukia humo linaweza kulindwa kama waziri mwenye dhamana atalitangaza. Tembe ya Kwihara karibu na Tabora, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni makumbusho leo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tembe ya mkulima wa Mpwapwa ambayo hakupita mgeni maarufu haitangazwi kwa urahisi, na nisingependa mkae mkisubiri tangazo. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mwelezeni, aandike kwamba ipo. Kazi ya kuitunza itabaki kuwa ya ukoo.

Naona kosa kubwa katika kupima urithi kwa aliyelala ndani ya nyumba. Tembe ya Kwihara ina milango ya nakshi na kumbukumbu za wageni, inastahili kutunzwa. Ya kwenu inaeleza namna watu wengi wa nchi hii walivyoishi, wakalea watoto na kuhifadhi chakula. Kama zitabaki za aina ya kwanza peke yake, wajukuu wataamini kwamba kabla ya bati Ugogo palikuwa na wapita njia tu.

Utasikia pia hoja kwamba mkibadilisha nguzo na udongo, si ya zamani tena. Msikubali. Wataalamu wa urithi walikubaliana huko Nara, Japani, mwaka 1994, kwamba uhalisi wa jengo upimwe kwa mila ya watu waliolijenga, ukihusisha namna ya kujenga na matumizi, si malighafi peke yake. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali ni wa udongo, na waumini huukandika upya kila mwaka. Mji ule umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1988, na kukandika huko ni sehemu ya sifa yake. Tembe nayo ilijengwa ikijulikana kwamba itakandikwa. Shangazi akichukua udongo na samadi kila kiangazi akaziba nyufa, anaendeleza kazi ya babu. Ndiyo maana nilisema yeye ni muhimu kuliko wote. Amebeba ufundi wa kukandika, anajua udongo unakochotwa, na moshi wa jiko lake umewafukuza wadudu kwenye boriti miaka yote hii. Tembe ikizimwa moto, mchwa na wadudu wanaotoboa mbao hawakawii.

Lakini shangazi huyo huyo ndiye wa kumfikiria kabla ya jengo. Tembe za kanda hii zinajulikana kuhifadhi papasi, wale kupe laini wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta na kutoka usiku, wanaoleta homa ya papasi. Ni ugonjwa halisi, unaotisha zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga. Baba wadogo wakisema wanataka nyumba yenye afya, wana hoja, na anayewajibu kwa kuwaimbia urithi anawakosea. Sakafu ishindiliwe upya na kulainishwa, nyufa zote zizibwe, watu walale kitandani na miguu ya kitanda isiguse ukuta, kuku wasilale ndani, chandarua kitumike. Mtu akipata homa inayokwenda na kurudi, apelekwe zahanati na aseme analala kwenye tembe. Kama kuna mama mjamzito, alale nyumba nyingine.

Sasa ukarabati. Adui wa kwanza yuko juu, naye ni uzito. Mvua ikivuja, watu huongeza udongo. Mwaka unaofuata wanaongeza tena. Piga hesabu: udongo wa unene wa sentimita 15 una uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba, ukiwa mkavu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina karibu tani 3 kichwani mwake. Ukifika sentimita 30, ni tani 6, na ukilowa unapita hapo. Nahisi ndicho kilichobonyeza upande wa magharibi, ingawa mchwa kwenye nguzo anaweza kuwa mshiriki. Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata karai moja, kwangueni. Teueni chumba kimoja, wekeni vitegemeo chini ya boriti, kisha ondoeni udongo wa zamani kidogo kidogo kwa usawa, msiurundike sehemu moja ya paa. Asiwepo mtu ndani wakati huo. Mkifika kwenye fito, badilisheni zilizooza, tandikeni majani, rudisheni udongo kwa unene unaotosha tu, mkiuinamisha kidogo ili maji yapate pa kutokea. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa tabaka la juu kwa kuwa hushikamana na haupitishi maji haraka.

Nguzo zipimeni pale zinapokutana na ardhi, maana hapo ndipo unyevu, hewa na mchwa hukutana. Chomeni kwa ncha ya kisu. Kikiingia kwa urahisi, nguzo hiyo imekwisha hata kama juu inang'aa. Ibadilisheni moja baada ya nyingine, boriti ikiwa imetegemezwa. Mpingo huvumilia ardhini miaka mingi sana, mlama nao ni mgumu. Msikate ovyo, ombeni kibali kwa serikali ya kijiji na watu wa misitu. Hata hivyo nguzo nyingi mnazo tayari, chini ya chumba kilichoanguka.

Hapo ndipo ushauri wangu utawashangaza baadhi ya watu. Upande wa magharibi sishauri muujenge upya sasa. Pimeni, pigeni picha, kisha chukueni miti yake mizima mkatibie pande mbili zilizosimama. Pande mbili zilizo imara na zinazokaliwa zina maana kubwa kuliko tatu zinazoegemeana zikisubiri kuanguka. Msingi wa upande ule uachwe uonekane, kwa mawe yaliyopangwa tu, ili umbo la kaya lisipotee. Siku mkipata nguvu na fundi, mtaurudisha kwa vipimo mlivyonavyo.

Saruji ndiyo naiogopa kuliko mchwa. Mtu mwenye nia njema huja na mifuko mitatu, akapiga plasta kuta za udongo zikapendeza. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia. Ikipata ufa, na lazima itapata, maji yanaingia na hayatoki, kitako cha ukuta kinalainika, mchwa wanapanda nyuma ya plasta msiwaone. Mtajua siku ukuta ukiinama. Kandikeni kwa udongo na samadi, kila kiangazi, basi. Bati nalo msilipigilie juu ya boriti za tembe. Kama lazima mkinge paa kwa mwaka mmoja au miwili mkitafuta fundi, simamisheni nguzo za nje peke yake zibebe bati hilo, ili siku moja liondolewe bila kuacha jeraha.

Je, nyumba ya tofali? Jengeni. Sioni ugomvi wowote kati yake na tembe, mradi isimame mahali pake. Kiwanja cha ukoo Mpwapwa hakikosi nafasi. Ila angalieni maji. Paa la bati la mita za mraba 80, kwa mvua ya milimita 550, humwaga lita 44,000 kwa msimu. Yakishuka karibu na tembe, yataila kuanzia chini. Yakifungiwa mifereji na kuingia kwenye simtanki, shangazi atapumzika safari nyingi za kisimani. Nyumba mpya ikae upande wa chini wa mteremko, mbali na lango la ua.

Yule mnunuzi mwambieni hapana, kwa upole na mapema, kabla mmoja wa ndugu hajapokea kianzio. Nguzo ya mpingo ikitolewa kwenye paa inakuwa gogo la mpingo, basi. Mlango ukitolewa unakuwa pambo la hoteli. Na kama mlango huo umechongwa nakshi, rudini kwenye ile sheria niliyoitaja, na muulizeni afisa utamaduni kabla ya mtu yeyote kuugusa. Kutoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali, na wanunuzi wa aina hiyo huwa hawasemi mzigo unaenda wapi.

Kwenye kikao cha ukoo usiende na neno urithi peke yake. Nenda na mchoro. Chukua futi kamba na daftari, pima kila chumba, kila nguzo, urefu wa mlango, unene wa paa. Piga picha kila panda iliyobeba boriti, na kila fundo la kamba. Rekodi sauti ya shangazi akieleza vyumba, na ya mzee yeyote aliyewahi kupandisha udongo kwenye paa. Tengeneza nakala, moja ibaki kwake, nyingine uipeleke halmashauri. Hata kikao kikiamua vibaya, hayo yatakuwa yameokoka. Pendekeza pia ardhi ya kaya ipatiwe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa jina la familia, ili mtu mmoja asiweze kuuza uamuzi wa wote.

Kazi ya paa ifanyike kati ya Septemba na katikati ya Novemba, udongo upate muda wa kukauka kabla ya mvua. Kama mmechelewa, mwaka huu wekeni vitegemeo tu na muhamishe kitanda cha shangazi kwenye chumba chenye nguzo nzima. Nitumie picha za nguzo zote za pande mbili, moja ya kichwani na moja ya pale zinapoingia ardhini. Nitakuambia zipi zibaki na zipi zianze kutolewa.